Mkahawa wa Kukumbukwa Ugenini: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua tulizochagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja: mkahawa mdogo ambao mtu huukuta akiwa likizo, kisha hausahau. Wapo wanaouliza namna ya kuupata, na wapo wanaouliza kwa nini kahawa yake ikifika nyumbani hugeuka kuwa kitu kingine.

SWALI: Ndugu wahariri, nikisafiri huwa nina siku tatu au nne tu katika mji, na lugha ya wenyeji siijui. Nikifuata nyota za kwenye ramani ya simu naishia mahali penye maua ukutani na kahawa isiyonyweka. Nitautambuaje mkahawa mzuri kabla sijalipa?

JIBU: Nyota hujumlisha kila kitu: viti, mandhari, tabasamu la mhudumu, muziki. Kahawa yenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Kwa hiyo usiangalie wastani wa nyota. Panga maoni yaanze na ya karibuni, usome ya miezi sita ya mwisho tu, kwa sababu mikahawa midogo hubadili wafanyakazi na hata wenyewe, na sifa za miaka mitatu iliyopita ni za watu ambao huenda hawapo tena. Katika maoni hayo tafuta yanayotaja kinywaji kwa jina na kueleza ladha yake. Maoni kumi yanayosema “pazuri sana” hayakusaidii kama moja linalosema espreso, yaani kahawa nzito ya mashine inayotolewa kwa kikombe kidogo, ilikuwa chungu au kahawa ya kuchuja ilikuwa na ladha ya matunda.

Kisha fungua picha zilizopigwa na wateja, si za mwenye duka, na utafute picha ya kaunta. Hapo unatazama vitu vinne: visagio viwili au zaidi, mizani ndogo karibu na mashine, birika lenye mdomo mwembamba, na mifuko ya buni yenye tarehe rafuni. Mahali penye vitu hivyo, mtu amegharamia kahawa kabla ya kugharamia kuta.

Tafuta pia kwa lugha ya wenyeji. Tafsiri maneno “wakaangaji wa kahawa” kwenye simu, uyabandike kwenye ramani. Majina yatakayotokea huwa tofauti na yale wanayoletewa wageni. Ukishampata mkaangaji wa mji huo, ingia kwenye tovuti yake. Wakaangaji wengi huorodhesha mikahawa wanayoiuzia buni, na orodha hiyo ni bora kuliko maoni ya watalii mia, kwa kuwa mikahawa hiyo inalipia buni nzuri kila wiki.

Njia ya mwisho ndiyo tunayoithamini kuliko zote: muulize mtu. Lakini chagua swali. Ukimuuliza mpokezi wa hoteli “mkahawa bora ni upi?” atakutajia ule ulio karibu na mnara. Muulize yeye hunywa wapi kabla ya kuingia zamu. Na ukikuta kahawa nzuri mahali pamoja, muulize barista, yaani mtengenezaji wa kahawa, huenda wapi siku yake ya mapumziko. Watu wa kazi hii hujuana, na jibu lao huwa la kweli. Kama lugha inakwamisha, andika swali hilo kwenye simu likiwa limekwisha kutafsiriwa, umwoneshe.

Ukifika mlangoni, simama dakika mbili kabla ya kuagiza. Tazama bomba la mvuke la mashine: barista mwangalifu hulifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuachia mvuke kidogo kila baada ya kupasha maziwa. Bomba lililoganda tabaka jeupe lina maziwa yaliyoungua tangu asubuhi, na ladha yake itaingia kwenye kikombe chako. Sikiliza kisagio. Kinatakiwa kulia kwa kila oda. Kikikaa kimya huku vikombe vinatoka, kahawa ilisagwa mapema na harufu yake imeshapotea hewani. Tazama chombo cha buni kilicho juu ya kisagio: kuta zenye utando wa mafuta ya kahawia hazijaoshwa muda mrefu, na mafuta hayo yanapochacha hunuka kama karanga za zamani. Tazama jagi la maziwa. Maziwa yaliyobaki yakiongezewa mapya na kupashwa mara ya pili hayatengenezi povu laini, hutoa mapovu makubwa yanayopasuka.

Foleni si ushahidi. Inaweza kuwa ni foleni ya mahali pa kupiga picha. Harufu kali ya kahawa mtaani nayo si ushahidi. Mara nyingi ni moshi wa buni zilizokaangwa mpaka zikaungua.

SWALI: Nikishaingia niagize nini? Nimezoea kahawa kubwa ya maziwa yenye sharubati ya vanila, lakini mwenzangu anasema hapo siwezi kujua kahawa yenyewe ikoje.

JIBU: Mwenzako ana haki. Maziwa mengi na sukari hufunika makosa, na hufunika uzuri vilevile. Kama mkahawa una kahawa ya kuchuja kwa mkono, agiza hiyo, bila kitu. Kama wana mashine ya espreso peke yake, agiza espreso na glasi ya maji, au kinywaji kidogo kabisa cha maziwa walichonacho.

Espreso iliyotengenezwa sawasawa kwa kawaida hutumia takriban gramu 18 za kahawa kutoa takriban gramu 36 za kinywaji, kwa sekunde 25 hadi 30, maji yakiwa na nyuzi joto 90 hadi 96 na shinikizo la karibu baa 9. Huhitaji saa mkononi. Ikimiminika kwa kasi na rangi ya majani makavu, ikaisha kwa sekunde 12, itakuwa chachu na nyepesi, kwa sababu maji yamepita bila kutoa utamu. Ikidondoka kwa shida kwa sekunde 45, itakuwa chungu na itakukausha ulimi. Barista anayejali huimwaga espreso ya namna hiyo na kutengeneza nyingine bila kuombwa. Ukimwona akifanya hivyo, kaa, umefika.

Kahawa ya kuchuja usiinywe ikiwa moto mkali. Chini ya nyuzi 60 hivi ndipo ladha zinaanza kutengana, na nzuri huzidi kupendeza kadiri inavyopoa. Ambayo haijatengenezwa vizuri hufanya kinyume: ikiwa moto inapita, ikipoa haimezeki. Kama kahawa iko kwenye birika la kioo juu ya sahani ya moto, uliza imetengenezwa lini. Ikizidi nusu saa juu ya moto, iache. Kwenye chupa ya kutunza joto inaweza kukaa saa nzima bila kuharibika sana.

Jambo moja watu hawalijui. Saa ya kwanza ya asubuhi si lazima iwe saa bora. Barista anakuwa bado anarekebisha kisagio, maana buni za leo hazisagiki sawa na za jana, na unyevu wa hewa nao una lake. Ukipata kikombe kibaya saa moja asubuhi mahali ambapo kila ishara ilikuwa nzuri, rudi saa nne kabla hujapafuta kwenye orodha.

SWALI: Nilikuta mkahawa ambao kahawa yake sitaisahau. Nikanunua mfuko wa buni zile zile, nikauliza vipimo, nikaandika. Nyumbani natengeneza kama walivyoniambia na haifanani hata kidogo. Imepooza, kama imewekwa chaki. Je, waliniuzia buni nyingine?

JIBU: Kwa karibu kila anayeuliza swali hili, buni ni zile zile. Kilichobadilika ni maji, na neno lako “chaki” ndilo linalotufanya tuanze na hayo.

Kikombe cha kahawa ya kuchuja ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Katika maji mna kalsiamu na magnesi, ambazo husaidia kutoa ladha kwenye kahawa, na mna bikaboneti, ambayo huzimua asidi. Asidi ndiyo inayoleta ule uchangamfu wa matunda ulioupenda. Maji yenye bikaboneti nyingi huuzima, na kahawa inabaki imepooza. Maji yasiyo na madini kabisa yana ubaya wake: kahawa hutoka nyembamba na yenye uchachu mkali. Chama cha kimataifa cha kahawa bora, SCA, kimekuwa kikitaja takriban miligramu 150 za madini yaliyoyeyuka kwa lita kama shabaha, na kati ya 75 na 250 kama kiwango kinachokubalika. Mikahawa makini huwa na mtambo wa kusafisha maji unaoyaleta kwenye kiwango hicho. Bomba la nyumbani halina.

Jaribio lake ni rahisi. Nunua maji ya chupa ambayo kibandiko chake kinaonesha jumla ya madini kati ya miligramu 75 na 200 kwa lita, na bikaboneti chini ya 100. Tengeneza vikombe viwili kwa wakati mmoja, kimoja kwa maji hayo na kingine kwa ya bomba, vipimo vile vile. Kama tofauti ni kubwa, umepata jibu, na huna haja ya kununua chupa milele: changanya maji ya bomba na maji yenye madini machache sana, nusu kwa nusu, kisha sogeza uwiano mpaka ladha irudi. Kuchemsha maji magumu, kuyaacha yatulie na kuyamimina taratibu ukiacha masimbi chini hupunguza sehemu ya bikaboneti pia.

Kama maji si tatizo, nenda kwenye kisagio. Kile chenye kisu kinachozunguka hukatakata ovyo: kinatoa unga na vipande vikubwa kwa pamoja, unga unatoa uchungu, vipande vinatoa uchachu, na kikombe kimoja kinakuwa na makosa yote mawili. Kisagio cha mkono chenye meno ya koni, hata kidogo cha kusafiria, kitabadilisha kahawa yako kuliko birika lolote utakalonunua. Kama huna, omba usagiwe pale pale mkahawani na utaje chombo utakachotumia, lakini nunua kidogo. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu yake nyingi ndani ya siku chache.

Vipimo vya kuanzia kwa koni yenye karatasi ya chujio: gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, msago wa ukubwa wa chumvi ya mawe iliyo laini kiasi. Suuza karatasi kwa maji moto, mwaga maji hayo. Weka kahawa, mimina gramu 40 za maji na usubiri sekunde 40. Utaona inafura, hewa ya kaboni ikitoka. Mimina yaliyobaki kwa mizunguko, mara mbili au tatu. Yote yawe yamechuruzika kati ya dakika mbili na nusu na tatu na nusu. Ikiwa chachu, saga laini zaidi. Ikiwa chungu na kukausha ulimi, saga kubwa zaidi. Badilisha jambo moja kwa mara moja, la sivyo hutajua lipi limekusaidia. Na tumia mizani, si kijiko: kijiko cha buni zilizokaangwa sana na kijiko cha zilizokaangwa kidogo havina uzito sawa.

Kama mkahawani ulikunywa espreso na nyumbani una koni, basi hakuna maji wala kisagio kitakachokufikisha. Ni vinywaji viwili tofauti kutoka kwenye buni moja.

SWALI: Ninunue kiasi gani cha kubeba, na niibebeje kwenye ndege?

JIBU: Soma kwanza tarehe ya kukaangwa, si ya kuisha muda. Mfuko usio na tarehe ya kukaangwa usibebe, hata kama ni mzuri wa sura. Buni zilizokaangwa jana bado zina hewa nyingi ya kaboni. Kwa kahawa ya kuchuja zipe siku tano au zaidi, kwa espreso kati ya siku saba na kumi na nne. Kuanzia hapo una wiki nne au tano za ladha nzuri. Kwa gramu 15 kwa kikombe, mfuko wa gramu 250 ni vikombe 16. Anayekunywa viwili kwa siku anaumaliza kwa siku nane, kwa hiyo mifuko mitatu au minne inatosha, na kilo mbili ni tamaa itakayochakaa kabatini.

Chukua buni nzima. Zinadumu, na ukaguzi wake ni mwepesi: kwa safari za kuelekea Marekani, kwa mfano, poda ya zaidi ya mililita 350 kwenye mzigo wa mkononi inaweza kuhitaji ukaguzi wa ziada. Mfuko wenye vali hutoa hewa bila kuingiza, hivyo haupasuki. Usio na vali hufura hewa ikipungua ndani ya ndege. Uweke katikati ya nguo. Kwenye forodha, nchi nyingi huruhusu kahawa iliyokaangwa kwa matumizi ya nyumbani, lakini buni mbichi na miche mara nyingi huzuiwa kwa hofu ya wadudu na magonjwa kama kutu ya majani. Tangaza ulichonacho.

Ukitaka ziende mbali zaidi ya wiki tano, zigandishe. Gawa mafungu ya gramu 60 hadi 100, funga bila hewa, bandika utepe juu ya vali. Ukilitoa fungu, usilifungue mpaka lifikie joto la chumba, vinginevyo unyevu wa hewa utaganda juu ya buni. Usirudishe lililokwisha kufunguliwa. Jokofu la kawaida, lile la mboga, halifai: lina unyevu na harufu za kila kitu.

SWALI: Tunapenda kulala milimani tukiwa likizo. Kahawa ninayojitengenezea huko huwa chachu, ingawa maji yanatokota kabisa. Tatizo ni nini?

JIBU: Ni mwinuko. Maji huchemka kwa joto pungufu la takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 2,400 yanatokota kwenye nyuzi 92 hivi, na kwenye mita 3,600 kwenye 88. Kutokota zaidi hakuongezi joto. Miminia maji yakiwa bado yanachemka, pasha chombo na kikombe kwanza, saga laini kidogo, na kama unatumia birika lenye kichujio cha kusukuma, ongeza dakika mbili na ulifunike kwa taulo. Buni zilizokaangwa kidogo ndizo zinazoumia zaidi huko juu. Beba za kati.

SWALI: Likizo inanifanya niingie mikahawa mitatu kwa siku, kisha usiku silali. Kiasi gani ni salama?

JIBU: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba kafeini hadi miligramu 400 kwa siku haileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na isizidi 200 kwa mara moja. Kwa mjamzito ni 200 kwa siku nzima. Espreso ya mililita 60 huwa na karibu miligramu 80, kikombe cha mililita 200 cha kuchuja karibu 90, na buni za aina ya robusta zina takriban mara mbili ya zile za aina ya arabika. Tatizo lako yaelekea ni saa, si idadi. Kwa wastani, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hurefuka sana. Kikombe cha mwisho kiwe mchana mapema, hasa siku za mwanzo ukiwa umevuka majira ya saa. Mkahawa wa jioni agiza isiyo na kafeini, lakini uliza kama inasagwa kwa oda. Mahali pengi husagwa asubuhi ikaachwa kwenye kopo, na ndiyo sababu watu wanadhani kahawa hiyo haina ladha.

SWALI: Mwaka huu nimerudi kwenye mkahawa nilioupenda mwaka jana. Mtu yule yule, meza ile ile, kahawa siyo. Niliogopa kumuuliza. Je, wameshusha kiwango?

JIBU: Ungemuuliza, na tunadhani angefurahi. Kahawa ni zao la msimu. Shamba huvuna mara moja kwa mwaka, sehemu nyingine mara mbili, na fungu dogo kutoka shamba moja likiisha limeisha. La mwaka unaofuata limepata mvua nyingine. Mkahawa unaouza buni za namna hiyo lazima ubadilike kila baada ya miezi michache, na huko si kushuka kiwango. Ambao hauna mabadiliko kamwe unatumia mchanganyiko, ambao mkaangaji anaurekebisha ili ladha ibaki pale pale.

Kwa hiyo jina la kwenye ubao halitakusaidia mwaka unaofuata. Siku unayoipenda kahawa, andika nchi na eneo ilikotoka, namna ilivyotayarishwa, yaani iliyooshwa au iliyokaushwa na tunda lake, mkaangaji, na chombo kilichotumika. Piga picha ya nyuma ya mfuko. Mengi ya haya yameandikwa hapo. Ukirudi, mpe barista maelezo hayo na umwombe iliyo karibu nayo kati ya alizonazo. Ya eneo lile lile iliyotayarishwa kwa njia nyingine itakuwa mbali zaidi kuliko ya nchi jirani iliyotayarishwa kwa njia ile ile. Kahawa iliyokaushwa na tunda lake huwa na utamu mzito wa matunda yaliyoiva, na iliyooshwa huwa safi na yenye asidi ya wazi.

SWALI: Nataka kuuandikia maoni mazuri mkahawa mdogo ulionifaa sana. Niandike nini kinachosaidia kweli?

JIBU: Andika kinywaji ulichokunywa, siku ya wiki na saa, jina la buni, na ladha kwa maneno yako. Sema kama wanatengeneza kwa kuchuja, kama wanauza mifuko yenye tarehe ya kukaangwa, siku gani hawafungui, na kama wenye kompyuta wanaruhusiwa kukaa. Weka picha ya kaunta na ya ubao wa vinywaji. Sura za wafanyakazi zisionekane bila ridhaa yao. Kama kikombe cha kwanza kilikuwa na kasoro wakakibadilisha, liseme pia, kwa sababu msafiri anayefuata anahitaji kujua kwamba mahali hapo anaweza kurudisha kikombe.